Kabla Hujaniambia Nipige Windows, Ondoa Idhini Kwanza

Ombi ninalolisikia kuliko yote kwenye meza yangu hapa mjini Mwanza, jirani na Makoroboi, ni "Fundi, nipigie Windows," yaani niwekee upya mfumo unaoendesha kompyuta. Laptop imekuwa nzito, imeingia virusi, inajizima ovyo, na mwenyewe ameshaamua kwamba dawa ni hiyo. Ananiuliza bei, ananiuliza aifuate lini, ananisihi nisimpotezee picha za send-off ya dada yake. Vitabu na filamu alizonunua mtandaoni kwa hela yake hazitaji kabisa, na fundi naye mara nyingi hamuulizi.

Nataka nilieleze hili kwa kirefu kwa sababu linaumiza watu ambao hawana kosa lolote. Ukinunua kitabu cha kusikiliza au filamu kwenye duka la Apple, au kitabu cha masomo kinachofunguliwa kwa programu ya Adobe Digital Editions, faili unalopata halifunguki kwenye kila kompyuta. Linafunguka kwenye kompyuta iliyopewa idhini, na idhini zina idadi. Apple wanatoa idhini kwa kompyuta 5. Adobe wanatoa kwa 6. Zikiisha zimeisha, hata kama mkononi umebaki na mashine moja tu.

Watu wakisikia 5 wananiambia, "Fundi, mimi hizo laptop tano nitazitoa wapi?" Huwa nawaomba tuhesabu pamoja. Laptop nyingi za mji huu zimefika zikiwa zimetumika. Zinatoka Dubai, zinapitia Kariakoo, zinapanda basi hadi Mwanza, mtu anaitumia mwaka au miwili, anaiuza, inavuka maji kwenda Ukerewe au Sengerema. Katikati hapo imebadilishwa diski, imeongezwa RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), imepigwa Windows, pengine zaidi ya mara moja. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, inaungua. Kwa maisha ya namna hiyo, idhini tano ni chache sana.

Mambo yenyewe yanakwenda hivi. Unapoidhinisha kompyuta, programu inachukua alama za mashine ile, zinazotokana na diski, vifaa vya ndani na Windows iliyomo, inazipeleka kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, pamoja na akaunti yako. Seva inaiandika mashine hiyo chini ya jina lako, kisha inarudisha funguo za kufungulia mafaili, zinahifadhiwa mle ndani kwa siri. Ukipiga Windows upya, funguo zinafutika na alama zinabadilika. Laptop ni ileile, ina mkwaruzo uleule kwenye kifuniko, lakini seva inaiona ni mashine ngeni. Ile ya zamani nayo bado imeandikwa kule. Ni kama mpangaji aliyehama usiku bila kurudisha ufunguo: chumba ni kitupu, ila kwenye daftari la mwenye nyumba kina mtu.

Ndiyo maana Apple wenyewe wanashauri uondoe idhini kabla ya kuuza kompyuta, kabla ya kuigawa, kabla ya kuipeleka kwa fundi, kabla ya kuongeza RAM, kubadilisha diski au kupiga Windows. Ushauri wa kuiondoa kabla ya kuipeleka kwa fundi umeandikwa kabisa, na bado mafundi wengi hawaufahamu.

Aliyenifanya nilibebe jambo hili kwa uzito wake ni mwalimu mmoja mstaafu anayekaa Bwiru. Alifundisha historia maisha yake yote ya kazi. Sasa presha ya macho imemwondolea uwezo wa kusoma. Magazeti anasomewa na wajukuu, na wajukuu, kama mnavyojua, wanasoma vichwa vya habari na kurasa za michezo halafu wanachoka. Binti yake ni nesi, yuko Toronto. Kwa miaka kadhaa amekuwa akimnunulia baba yake vitabu vya kusikiliza: historia za dola zilizoanguka, maisha ya viongozi, vita kuu zote mbili. Mzee anasikiliza asubuhi kibarazani, na tena baada ya chakula cha mchana.

Wengi wataniuliza kwa nini wasitumie mpango wa familia wa Apple, ule wa kushirikiana manunuzi kwa watu hadi 6. Mpango huo unataka akaunti zote ziwe za nchi moja. Akaunti ya Kanada na akaunti ya Tanzania haziingii kwenye familia moja, hata kama ni baba na mtoto wa kumzaa. Kwa hiyo wao walibaki na akaunti moja, ya binti, iliyoidhinishwa kwenye laptop ya baba.

Na kwa nini asisikilize kwenye simu, ambayo haihesabiwi kabisa kwenye zile tano? Kwa sababu kioo cha simu hakina kitu cha kupapasa. Kwenye laptop yake, kile kitufe kirefu cha chini kabisa cha kibodi, wajukuu wamekigandishia kipande cha msasa. Mzee anatembeza mkono taratibu pembeni ya mashine, kidole gumba kikigusa ule ukwaru anajua amefika. Akibonyeza, msomaji ananyamaza. Akibonyeza tena, anaendelea. Spika ndogo imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli nyuma ya kioo ili isidondoke. Mpangilio ule umemrudishia kusoma bila kumwomba mtu.

Laptop ikaanza kuchemka na kujizima. Mjukuu akaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini, fundi akatoa diski ya zamani akaweka ya kasi, SSD, akapiga Windows. Kwa upande wa mashine ilikuwa kazi safi, inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Vitabu alivihamishia kwenye flashi na kuvirudisha, vyote, bila kupungua hata kimoja. Ila ukibonyeza kitabu, iTunes, programu ya Apple ya kufungulia vitabu hivyo, inaomba neno la siri la akaunti. Ukiliweka, inakujibu kwamba akaunti hii tayari ina kompyuta tano.

Waliingia kwangu wawili, mzee kamshika mjukuu begani. Nikamwamkia, akaitikia na kuniongezea salamu ya Kisukuma, akakaa. Akauliza, "Fundi, vitabu vimo au havimo?"

"Vimo, mwalimu. Vyote vimo."

"Sasa kavifunga nani?"

Nilimweleza kama nilivyoeleza hapo juu. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Basi tumpigie mwenye akaunti, tuhesabu hizo tano ni zipi." Mwalimu wa historia anajua kutafuta chanzo.

Tukampigia binti kwa WhatsApp. Ya kwanza ilikuwa laptop yake ya chuo, aliiuza kwa mwenzake. Ya pili ilimwagikiwa chai ikafa. Ya tatu ni Mac, kompyuta ya Apple, anayoitumia sasa. Ya nne ni hii ya baba, siku ilipofika kutoka Kanada. Ya tano ni hii hii ya baba tena, baada ya kupigwa Windows miaka ya nyuma, wakati nafasi zilikuwa bado zipo na hakuna aliyegundua kwamba moja imekwenda. Katika tano, iliyokuwa bado inafanya kazi ni Mac peke yake. Na laptop iliyokuwa mezani kwangu ilikuwa inabisha hodi kama mgeni wa sita.

Kwa hali ya namna hii Apple wameweka mlango. Unaingia kwenye akaunti kupitia iTunes, menyu ya "Account", kisha "View My Account", unashuka hadi sehemu inayoitwa "Computer Authorizations". Pale unaona idadi ya kompyuta zenye idhini, na pembeni kitufe cha "Deauthorize All". Kinaondoa idhini zote kwa mpigo. Kinaonekana tu kama una kompyuta mbili au zaidi kwenye hesabu, na unaruhusiwa kukitumia mara moja kwa mwaka. Hakifuti kitabu wala filamu yoyote. Baada ya hapo unaziidhinisha upya zile mashine ulizonazo kweli, moja moja, kila moja ikiwa mbele ya mtu anayeishika.

Kilichotaka uvumilivu ni ile namba ya tarakimu sita ya uthibitisho, ambayo inakwenda kwenye simu ya mwenye akaunti. Kwetu ilikuwa saa kumi jioni, kwake saa mbili asubuhi, anajiandaa kwenda zamu. Anaisoma kwa sauti, mjukuu anairudia, mimi naandika. Tukaondoa idhini zote. Nikaidhinisha laptop ya mzee palepale; binti akaahidi kuidhinisha Mac yake akirudi nyumbani. Hesabu yao sasa ni mbili kati ya tano, na zote mbili ni mashine zinazowaka.

Alama ya mahali alipoishia ilikuwa imepotea, kwa hiyo tukafanya kazi ya kumtafutia. Nafungua sura, tunasikiliza kidogo, anatikisa kichwa: "Hapo nimeshapita." Nasogeza. "Hapo bado." Narudisha nyuma. Wateja wengine walikuwa wamesimama wanangoja, na hakuna aliyenung'unika. Alipoisikia sentensi aliyokuwa anaitafuta alinyoosha mkono mwenyewe, akapapasa mpaka kwenye msasa, akabonyeza, msomaji akanyamaza. "Nitaendelea nyumbani," akasema.

Sasa niseme kuhusu muziki, kwa sababu wengi wanachanganya. Duka la muziki la iTunes lilifunguliwa Marekani tarehe 28 Aprili 2003, na nyimbo zote zilikuwa na kufuli, yaani hazifunguki bila idhini. Mwanzoni ruhusa ilikuwa kompyuta 3. Mwaka uliofuata wakapandisha hadi 5, na pale ndipo ilipobaki mpaka leo. Februari 2007 Steve Jobs, bosi wa Apple, aliandika waraka wa wazi akisema makampuni ya muziki yakikubali kuuza nyimbo bila kufuli, Apple watazikumbatia mara moja. Kampuni ya muziki ya EMI ikatangulia mwaka huohuo, na Januari 2009 ikatangazwa kwamba muziki wote wa duka unaondolewa kufuli. Kwa hiyo wimbo ulionunua miaka ya karibuni ni faili la .m4a, linakaa kwenye flashi, linapigwa kwenye redio ya gari, haliulizi idhini. Ule wa zamani unaoishia na .m4p ndio wenye kufuli. Kama wewe ni DJ na una mzigo wa zamani ulioachiwa na mtu, angalia herufi hizo za mwisho kwanza kabla ya kuilaumu programu yako ya kuchezea muziki.

Filamu, vitabu na vitabu vya kusikiliza havikupata ukombozi huo. Vina kufuli mpaka kesho.

Kundi la pili linalonipa kazi ni wanafunzi, hasa wa udaktari pale Bugando na baadhi wa chuo cha SAUT, Malimbe. Vitabu vya tiba ni ghali, na toleo la kidijitali mara nyingi ni nafuu kuliko la karatasi linalosafirishwa. Mwanafunzi analipa, anapata kifaili kidogo sana kinachoishia na .acsm. Wengine wanadhani wametapeliwa, maana kitabu cha kurasa elfu moja hakiwezi kuwa kidogo hivyo. Kile si kitabu, ni hati ya kwenda kukichukua. Ukikifungua kwa Adobe Digital Editions, programu ndiyo inakwenda kukishusha kitabu chenyewe na kukifunga kwa jina lako.

Na hapa pana kisanduku kimoja kidogo ambacho ningependa kila mwanafunzi akijue. Mara ya kwanza programu inapokuomba akaunti ya Adobe, inakupa pia njia ya kuidhinisha kompyuta bila akaunti. Inavutia: hakuna kujaza fomu, hakuna barua pepe, unaweka alama na kuendelea, na bando linabaki. Lakini ukipita njia hiyo, vitabu vyako vimefungwa kwenye mashine ile peke yake. Haviendi kwenye nyingine. Mashine ikifa, vimekufa nayo. Nimemhudumia mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyefanya hivyo, mazabodi ikaungua wiki chache kabla ya mitihani. Diski ilikuwa nzima, nikamtolea mafaili yote, notisi, slaidi, kila kitu. Vitabu navyo vilitoka, kwa majina yao na ukubwa wao, na hakuna hata kimoja kilichokubali kufunguka kwenye laptop ya kuazima. Ilibidi aandikie duka alilonunulia kuomba apewe upya. Dada yule alikuwa amelipia kila kitabu kihalali, huku wenzake wamejaza nakala za bure. Ilinichoma moyo.

Kwa hiyo fungua akaunti. Haina gharama, na ndiyo inayokupa zile nafasi 6.

Hosteli zina tatizo lao jingine. Laptop yako imeisha chaji, unafungua kile kifaili cha .acsm kwenye laptop ya mwenzako, ambayo ina akaunti yake. Kitabu kinashuka vizuri kabisa, lakini kimefungwa kwa jina la mwenzako. Jioni ukijaribu kwako, unapata ujumbe E_LIC_ALREADY_FULFILLED_BY_ANOTHER_USER, maana yake hati hii imeshachukuliwa na mtu mwingine. Hela ni yako, kitabu ni chake. Ukiona ujumbe mwingine, E_ACT_TOO_MANY_ACTIVATIONS, hapo umemaliza nafasi zako, na dawa yake ni kuwasiliana na huduma kwa wateja ya Adobe wakuwekee hesabu upya. Usihangaike kufuta programu na kuiweka tena. Hesabu iko kwenye seva yao, haiko kwenye laptop yako. Na ukiazimwa au ukiuziwa laptop yenye idhini ya mtu mwingine, shika Ctrl, Shift na D kwa pamoja ukiwa ndani ya programu, uifute, ndipo uingie kwa jina lako kabla hujagusa kifaili chochote cha .acsm.

Nina maoni yangu juu ya namna hesabu hizi zinavyofanywa, na nayasema kwa nia njema. Ukiingia kwenye akaunti ya Apple, kompyuta zenye idhini unaonyeshwa idadi tu. Nne. Tano. Majina hakuna, tarehe hakuna. Huwezi kusema "hii iliungua, iondoe." Ipo orodha nyingine ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti, hiyo ina majina, na watu wanaondoa kifaa pale wakidhani wamepunguza na hesabu ya idhini. Ni mambo mawili tofauti. Linganisha na programu za picha za Adobe wanazotumia wenye studio: unaruhusiwa mashine 2 kwa wakati mmoja, ukiingia kwenye ya tatu inakuuliza uitoe ipi, unatoa hata ambayo iko mkoa mwingine, umemaliza. Mtu anayehama mashine kila mara, kama tunavyohama sisi, anahitaji utaratibu wa namna hiyo. Utaratibu unaotaka mashine iwe hai na iwe mbele yako ndipo uitoe, unamfaa mwenye kompyuta mpya anayekaa nayo miaka kumi.

Kufuli lenyewe pia linaishi kwa pumzi ya seva. Aprili 2019 Microsoft walifunga sehemu ya vitabu kwenye duka lao, na kufikia Julai vitabu vilivyonunuliwa vikaacha kufunguka. Walirudisha fedha za watu, hilo ni la kuwapongeza. Lakini mtu aliyekuwa katikati ya kitabu alibaki katikati. Ninachomwambia mteja ni kwamba kama kitu unakipenda sana na kinauzwa mahali bila kufuli, kinunue hapo, hata kikizidi bei kidogo.

Msimu huu kazi zimeongezeka. Windows 10 iliacha kupewa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na laptop nyingi za huku, hasa zile zenye prosesa za Intel za kizazi cha saba kurudi nyuma, hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Watu wanauza, wanabadilishana, wanaongeza hela juu. Kila mashine inayobadilisha mikono inaondoka na idhini ya mtu ndani yake, na mnunuzi akishaifuta, mwenyewe hana tena njia ya kuifikia.

Kwenye kaunta buku yangu, chini ya jina la mteja na aina ya mashine, nina mstari wa swali: je, kuna kitu umenunua mtandaoni kinachofunguka humu? Akisema ndiyo, au akisita, siigusi diski kabla hatujaangalia. Kama ni Windows, nafungua iTunes. Mara nyingi menyu ya juu haionekani kabisa, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Bonyeza Ctrl na B, itatokea. Kisha "Account", halafu "Authorizations", halafu "Deauthorize This Computer". Mwenyewe anaandika neno lake la siri, mimi nageukia pembeni. Lazima intaneti iwepo, maana bila kuongea na seva hakuna kinachotoka. Kwenye Mac ni menyu hiyohiyo, ila utaikuta ndani ya programu ya muziki au ya Apple TV, kwa kuwa iTunes iliondolewa huko tangu 2019. Na waliokwisha kuweka programu mpya za Apple kwenye Windows wasiifute iTunes: vitabu vya kusikiliza bado vinakaa humo.

Ningeomba mafundi wenzangu wa Makoroboi, Rwagasore, Igoma na Buzuruga waweke swali hilo kwenye vitabu vyao. Halichukui muda, na mteja anayeulizwa anaona kwamba unalinda mali yake yote, pamoja na ile isiyoshikika.

Kwa mnaovuka maji kuja kwangu kutoka Nansio au Kome, fanyeni hatua hii nyumbani kabla hamjapanda kivuko. Nimewapokea wengi wanaofika na laptop peke yake. Neno la siri analijua kaka aliyebaki kisiwani, na simu inayopokea namba ya uthibitisho iko kwa shemeji Geita. Hapo inabidi nisubiri, na wewe usubiri, na kivuko cha kurudi hakisubiri. Kama nyumbani intaneti haishiki, basi siku ya kuja hakikisha mwenye simu hiyo anajua utampigia na yuko karibu nayo. Na kama mashine imeshakufa kabisa, haiwaki, usiibebe kwa ajili ya idhini tu. Njoo na akaunti, tutaitoa kupitia "Deauthorize All" kwenye kompyuta yangu. Kama hiyo mmeshaitumia ndani ya mwaka huu, tutawaandikia huduma kwa wateja ya Apple pamoja. Kiingereza chake nakijua, nimeshakiandika kwa ajili ya wengine.